Madirisha ya Chartres hayakuwa Biblia ya wasiojua kusoma

Nimeikuta tena, safari hii kwenye insha ya mwanafunzi: eti watu wa Zama za Kati hawakujua kusoma, kwa hiyo Kanisa likawachorea Biblia kwenye vioo vya rangi vya madirisha ya makanisa, kama yale ya kanisa kuu la Chartres. Madai haya yamezagaa kuanzia vijitabu vya watalii hadi video za mtandaoni, na yananikera kwa sababu wanaoyarudia hawajalitazama dirisha hata moja kutoka chini hadi juu.

Chanzo kinajulikana. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, aliyevunja picha za kanisani kwa kuona waumini wanaziabudu. Gregori akamkemea: zisiabudiwe, lakini zisivunjwe, maana asiyejua kusoma hupata kwenye picha kile ambacho msomaji hupata kwenye maandishi. Barua ilikuwa ya kumzuia askofu asiendelee kuvunja. Vioo vya Kigothiki, yaani vya mtindo wa ujenzi wa makanisa kama Chartres, vilikuja zaidi ya miaka 500 baadaye.

Sasa twende Chartres, Ufaransa. Kanisa kuu liliungua mwaka 1194, likajengwa upya, na vioo vyake vingi ni vya kati ya mwaka 1200 na 1235 hivi. Chukua dirisha la Msamaria Mwema, ambalo husomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa wapo washona viatu wakiwa kazini. Kisha msafiri anatoka Yerusalemu, anavamiwa na kuvuliwa nguo, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamfunga majeraha na kumpeleka nyumba ya wageni. Hadi hapo ni Luka sura ya 10. Panda juu zaidi: ghafla Mungu anamuumba Adamu, tunda linaliwa, Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini, Kaini anamuua Abeli.

Mtu ataunganishaje hayo kwa macho peke yake? Hawezi. Ufunguo uko kwa mababa wa Kanisa, yaani waalimu wake wa karne za mwanzo: msafiri ni Adamu, yaani wanadamu wote, wanyang'anyi ni shetani na jeshi lake, kuhani na Mlawi ni Agano la Kale lisiloweza kuokoa, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa. Ukiyajua haya, dirisha zima linafunguka, na ni kazi yenye akili ya ajabu. Usipoyajua, una visa viwili visivyohusiana. Katika makanisa makuu ya Sens na Bourges, Ufaransa hiyohiyo, nako kuna madirisha ya mada hiyohiyo, kwa hiyo tusimsingizie fundi mmoja. Hata Abate Suger, mkuu wa monasteri ya Saint-Denis karibu na Paris, ambaye sehemu mpya ya altare yake ilitabarukiwa mwaka 1144, aliandika kwamba picha za paneli ya altare zilieleweka na wasomi tu, akaziongezea mashairi ya Kilatini ya kuzifafanua.

Wala sisemi watu wa kawaida walikuwa gizani. Dhana hii ndiyo inayowadharau. Walizijua hadithi kwa mahubiri, kwa sikukuu, kwa maandamano ya watakatifu. Picha zikaja kuwakumbusha waliyokwisha kuyasikia.

Tena, mengi yaliyochorwa Chartres hayamo kabisa katika Biblia: Mtakatifu Nikolao, Eustachi, hata mfalme Charlemagne. Kwenye dirisha la duara la kaskazini kuna maua ya nembo ya wafalme wa Ufaransa na ngome za Castilla, nembo ya ukoo wa malkia Blanche. Hapo muumini alikuwa anaonyeshwa enzi ya nani.

Jambo moja vitabu hulipitia juujuu. Wafanyakazi wa fani mbalimbali, kama waokaji mikate, wabadilisha fedha na maseremala, wanaonekana kwenye madirisha zaidi ya 40, na tunafundishwa kwamba vyama vyao ndivyo vilivyolipia. Mimi nina mashaka. Ushahidi wa vyama vilivyosimama rasmi mjini humo wakati huo ni mdogo, na mwaka 1210 wenyeji waliishambulia nyumba ya mkuu wa makanoni, yaani mapadri waliosimamia kanisa kuu. Kuna wanahistoria wanaoona kwamba makleri, yaani viongozi wa dini, ndio waliouchora mji walivyoutaka uwe: mtulivu, unaofanya kazi na kutoa sadaka. Wengine bado wanashikilia kwamba wafanyakazi walichangia kweli, na hoja zao si za kupuuzwa. Ubishi haujaisha. Kwa hiyo anayeandika katika darasa langu kwamba washona viatu walilipia dirisha la Msamaria, namrudishia aandike kwamba wameonyeshwa kwenye dirisha hilo.