Mtoto hasikii, na masikio anayo

Mama aliniita mara tatu nikachote maji. Mimi nipo uani na gololi zangu. Mara ya nne hakuniita tena, akamwambia jirani: "Huyu mtoto hasikii." Na jirani wala hakufikiria kwamba nipelekwe hospitali kupimwa masikio.

Nafundisha Kiebrania cha Biblia hapa Kigoma, wanafunzi wangu wengi ni wainjilisti, na kila kundi jipya naanza nalo kwa malalamiko hayo ya mama kabla hatujagusa alfabeti. Kwa sababu amri ambayo Yesu aliitaja kuwa ya kwanza haianzi na "penda". Inaanza na *shema*: sikia. "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja" (Kumbukumbu la Torati 6:4). Kiebrania cha Biblia kinapotaka kusema "kutii", kwa kawaida kinatumia kitenzi hichohicho cha kusikia. Samweli anapomwambia Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, hapo palipoandikwa "kutii" pana *shama*. Mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Burundi alicheka sana siku hiyo. Kwao *kwumva* ni kusikia, na *kwumvira* ni kutii. "Mwalimu, mbona hiki ni Kirundi?"

Mstari wa 5 unaendelea: "Nawe mpende BWANA, Mungu wako, kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa nguvu zako zote." Swali linalofuata huwa halichelewi: upendo unaamrishwaje? Tumezoea kwamba kupenda kunakuja kwenyewe, kama mafua. Lakini katika ulimwengu wa wakati ule kupenda lilikuwa pia neno la mikataba. Mwaka 672 KK Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake wampende mwanawe Ashurbanipali kama nafsi zao. Hakuwa anawaomba wamwonee huruma kijana. Aliwataka wasimsaliti. Israeli wanaambiwa wampe Mungu uaminifu wa namna hiyo, wasimpe mfalme yeyote wa Ashuru.

Juu ya moyo sikai sana. *Levav* ni mahali pa kufikiri na kuamua kuliko pa kuhisi, ndiyo maana Marko 12:30 inaongeza "akili".

Neno la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Biblia zetu zinasema "kwa nguvu zako zote", na Kiebrania kinasema *me'od*. *Me'od* ni "sana". Mwanzo 1:31, Mungu aliona kila alichokifanya, na ni chema *me'od*, chema sana. Limetumika mara nyingi mno katika Agano la Kale, karibu kila mahali likiwa kielezi. Hapa limegeuzwa nomino na kupewa mwenyewe: "kwa sana yako yote". Mahali pengine linapotumika hivyo ni 2 Wafalme 23:25, kwa mfalme Yosia peke yake.

Marabi, walimu wa Kiyahudi, nao liliwashughulisha. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, inalifasiri kuwa mali: mpende kwa mali yako yote. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inatoa sababu ambayo mvuvi yeyote wa Kibirizi ataielewa: yupo mtu anayethamini mwili wake kuliko mali, na yupo anayethamini mali kuliko mwili wake. Wa kwanza ameambiwa "kwa roho yako yote", wa pili ameambiwa "kwa *me'od* yako yote". Nimewahi kuona mtu akirudi kwenye mawimbi kufuata wavu. Huyo ni wa pili.

Halafu mstari wa 7. "Nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii." Tafsiri nzuri, ila imeficha kisu. Kitenzi cha pale, kwa maelezo ya wengi, kinatoka kwenye kunoa, kama ndimi zilizonolewa mithili ya upanga katika Zaburi 64. Uwanoe watoto wako. Watangazaji wa mpira hawana shida na lugha hiyo, kila wiki kocha fulani anakinoa kikosi.

Mwanafunzi mmoja anayevuna michikichi aliona nazungukazunguka na nadharia, akatoka nje akaleta panga lake na jiwe. Akamwagia maji kidogo. Akaliburuta panga kwenda, akaliburuta kurudi, akaligeuza, akaanza upya, halafu akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Soma tena, mwalimu." Nikasoma: uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Kila neno akiburuta mara moja. Kukaa, kutembea, kulala, kuamka. Kwenda na kurudi.

"Nilidhani ni orodha tu," akasema mwenzake wa nyuma.

Nikaomba panga nijaribu na mimi. Mara mbili tu, mvunaji akanipokonya, akapapasa makali na kutikisa kichwa. Ikabidi aanze upya.