Umerudi, gari halipo: la kufanya kabla ya kukimbilia yadi

"Naingia mara moja tu" ndiyo hutuponza. Unafika Kariakoo, unapandisha gari nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu, unawasha hazadi, unaingia dukani. Hazadi ni taa za tahadhari. Haziugeuzi mlango wa mtu, kona ya makutano wala njia ya mwendokasi kuwa maegesho. Kwa mwenye brekdauni, gari la kuvuta magari yaliyoegeshwa vibaya hadi yadini, ni kama umemwashia kurunzi.

Ukikuta patupu, usipige yowe la mwizi kwanza. Muulize mama lishe, machinga au bodaboda wa pale. Wao ndio walioona. Wasipojua, nenda kituo cha polisi cha karibu na nakala ya kadi ya gari na kitambulisho. Kama halikuvutwa, utatoa taarifa ya wizi papo hapo.

Ukiwahi gari likiwa bado linafungwa kwenye brekdauni, usigombane, angalia linavyofungwa. Hapa ndipo wengi hupata hasara kubwa kuliko faini. Magari mengi ya mjini, mfano Toyota IST, ni ya otomatiki na huvuta kwa magurudumu ya mbele. Pampu ya oili ya giaboksi hufanya kazi injini ikiwaka. Gari likinyanyuliwa nyuma na kuburutwa kwa magurudumu ya mbele, giaboksi huzungushwa bila oili kupita, nayo huungua. Likiwa kwenye P, gia ya kuegeshea, ndiyo balaa zaidi, magurudumu yamejifunga na tairi zinasagika. Waombe walinyanyue mbele, kisha uachie breki ya mkono, maana hiyo hushika magurudumu ya nyuma. Linalovuta kwa magurudumu yote manne libebwe zima.

Yadini, lizunguke gari na simu mkononi kabla ya kusaini chochote. Piga picha bampa, vioo vya pembeni, rimu na chini ya injini. Ukiona jeraha jipya, liandikwe kwenye fomu ya kutolea gari. Ukishasaini kwamba umelipokea salama, ni vigumu kudai baadaye, na bima ndogo hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo (control number). Kwa kampuni binafsi, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Anayetaka "ya chai" mkononi ana simu yake: TAKUKURU, wapambanao na rushwa, 113, bure. Uliza pia kama yadi inatoza kwa siku. Kusubiri mwisho wa mwezi kunaweza kukugharimu zaidi.

Ushuru wa maegesho ya barabarani nao hudaiwa kwa namba ya gari, kwa hiyo anayenunua gari la mkononi aulizie deni kabla ya kutoa hela.

Mimi huacha karatasi yenye namba ya simu juu ya dashibodi, maandishi makubwa. Imewahi kunitoa mbio saluni, kichwa nusu kimenyolewa, lakini gari nilirudi nalo nyumbani.