Maumivu sugu ya kiuno na ubongo: dhana potofu na ukweli

Dhana inayowaumiza wagonjwa kuliko zote ni hii: picha za mgongo zisipoonyesha kasoro ya maana, maumivu ni ya kubuni. Mtu ambaye kwa miezi kadhaa hawezi kuinama afunge kamba za viatu bila kushika ukuta huambiwa hana ugonjwa, akaondoka na maumivu yake pamoja na fedheha ya kutoaminiwa. Ukweli ni kwamba maumivu yote, yawe ya jeraha bichi au ya kiuno kinachouma kwa zaidi ya miezi 3, muda ambao madaktari huanza kuyaita sugu, huhisiwa kwa kazi ya ubongo. Kusema kwamba ubongo unahusika si kumshutumu mgonjwa kuwa anajisingizia.

Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba diski iliyochakaa, yaani mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, ikionekana kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, basi chanzo kimepatikana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliwahusu watu wasio na maumivu, na hata hivyo uchakavu wa diski ulikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Mabadiliko ya ubongo wenyewe yanastahili kuelezwa kwa utuo. Mwaka 2004, Vania Apkarian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliwalinganisha wagonjwa 26 wa maumivu sugu ya mgongo na watu wasioumwa, wakakuta tishu ya kijivu ya wagonjwa, sehemu ya ubongo yenye seli nyingi za neva, imepungua kwa asilimia 5 hadi 11, sawa na upungufu wa miaka 10 hadi 20 ya kuzeeka kwa kawaida. Tafiti za baadaye zilionyesha jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi: maumivu yakiwa mapya, ubongo huitika katika maeneo yaleyale yanayoamka mtu yeyote anapoumia, lakini yakishakuwa sugu, shughuli hiyo huhamia kwenye mitandao inayohusika na hisia. Mgonjwa wa miaka mingi anayesema kwamba kiuno kimemwondolea hata furaha hastahili kuonekana mdhaifu.

Wengi wakisikia kwamba ubongo umepungua hudhani umeharibika daima. Sivyo. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapima wagonjwa kabla ya upasuaji au sindano za viungo vya uti wa mgongo na tena miezi 6 baadaye, wakakuta gamba la sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, limeongezeka unene, hasa kwa waliopata nafuu.

Picha ya ubongo, hata hivyo, haiwezi kumthibitishia daktari kwamba mtu fulani anaumwa au haumwi, kwa sababu tofauti hizi ni za wastani wa makundi.

Hatari zaidi ni kudhani kwamba, kwa kuwa ubongo unahusika, mgongo hauhitaji kuchunguzwa. Mwenye maumivu ya kiuno anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, anayepata ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu inaishiwa nguvu, anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, kwani neva zinazobanwa huko chini zinaweza kuharibika kabisa zikicheleweshewa tiba.