Jiko la mkaa chumbani: yanayosemwa na yalivyo

"Mkaa ukishakolea na moshi ukakatika, jiko halina madhara."

Moshi wa kuwashia angalau unachoma macho, mtu anatoka mwenyewe. Mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata makaa yakiwa yamefunikwa na jivu, mpaka yapoe kabisa. Sumu hii hushikana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 na ushee. Mtu anahema vizuri, mwili unakosa oksijeni. Baridi ya Juni na Julai inapobana Njombe, Mbeya au Lushoto, jiko linaingizwa ndani, mlango unafungwa, na upenyo wa chini ya mlango unazibwa kwa kitambaa ili joto lisitoke. Hapo sumu nayo haina pa kutokea.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dirisha moja hakina mkondo, kwa maana hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Pikia nje au barazani. Mvua ikikulazimisha, weka jiko mlangoni, mlango wazi na dirisha wazi, na makaa yaliyobaki uyafukie mchanga huko huko nje kabla ya kulala.

Dalili ni kichwa kugonga, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kukosa nguvu, kwa hiyo wengi husema ni malaria. Tazama mambo matatu: hakuna homa, waliomo chumbani wanaugua kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

"Aliyevuta moshi apewe maziwa."

Maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Aliyezimia akinyweshwa chochote anaweza kupaliwa. Fungua mlango, mtoe nje upesi (usianze kuhangaika na jiko ukiwa ndani), kisha hospitali awekewe oksijeni kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi, ni kama saa moja hadi moja na nusu.

Na mwambieni muuguzi waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kusoma asilimia 98 huku mgonjwa anazidiwa.

"Mafuta ya taa ni afadhali."

Hapana. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri yasitumike majumbani, si kwa kupikia wala kwa kibatari.

"Ukipata jiko banifu, tatizo limekwisha."

Jiko banifu linapunguza mkaa, na mfuko unashukuru. Mapafu ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa 2016 ulifuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano vijijini Malawi. Baadhi ya kaya zilipewa majiko mawili ya kuni yenye feni, nyingine zikaendelea na mafiga. Nimonia haikupungua. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni moshi mwingine ambao jiko haliugusi, kama wa taka zinazochomwa na wa tumbaku. Anayeishi nyumba zilizobanana, kama Tandale au Manzese, anaelewa haraka: unaweza kupikia gesi na bado ukavuta mkaa wa vyumba vitano vinavyotazama ua mmoja. Mwenye uzio na bustani havuti huo.

"Maskini wanapenda mkaa kwa kuwa ni rahisi."

Ni rahisi kuupata. Bei ni jambo jingine, maana anayenunua fungu kwa fungu hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye pesa ya gunia. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 imegawiwa kwa wingi. Shida huja gesi ikiisha: kujaza kunataka pesa yote kwa mkupuo, na anayelipwa kwa siku hana mkupuo. Mtungi unageuka stuli.

Umeme nao unasingiziwa kuwa ghali. Jiko la presha la umeme la lita 6 huivisha maharage kwa takriban nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya kama shilingi 350 kwa uniti, hiyo haifiki 200. Fungu la mkaa la 1,000 linaweza lisiivishe sufuria hiyo hiyo, hasa kama maharage hayakulowekwa usiku.

Kuna hata bei ya chini iliyowekwa kwa watumiaji wadogo: shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Lakini nyumba ya kupanga yenye kaya sita kwenye mita moja inaivuka 75 kwa taa, runinga na friji ya mwenye nyumba tu, hata kama hakuna kaya inayotumia uniti 20. Wote wanalipa bei ya juu, na mwenye nyumba anapiga marufuku pasi, hita na jiko la umeme. Mita ndogo ya kila chumba humaliza ugomvi wa nani katumia kiasi gani. Bei haiibadilishi, kwa sababu TANESCO, shirika la umeme, inahesabu mita kuu.