Si kila muwasho wa sehemu za siri ni fangasi

Wanawake wengi wanaowashwa sehemu za siri hununua dawa ya fangasi mara kwa mara wakiamini hakuna sababu nyingine, na wengine, jambo linaloumiza zaidi, hushukiwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Sababu nyingine inaweza kuwa likeni sklerosasi, ugonjwa sugu wa ngozi usioambukiza, unaowapata hasa waliokoma hedhi, ingawa hata wasichana wadogo huupata. Muwasho wake mara nyingi huzidi usiku. Ngozi ya nje ya uke, wakati mwingine hadi kuzunguka njia ya haja kubwa, huwa nyeupe, nyembamba na yenye mikunjo, ikichanika kirahisi, na mashavu madogo ya uke huweza kusinyaa. Daktari hutibu kwa dawa kali ya kupaka ya steroidi (aina ya dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), kama klobetasoli, na kidonda kisichopona kichunguzwe mapema, kwa kuwa wachache hupata saratani.