Sheria ya data na mwenye duka

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ianze kutumika Kenya, Novemba 2019, wafanyabiashara wadogo wamekuwa na tafsiri zao za mdomo, na nyingi ni potofu.

"Hiyo ni ya mabenki, mimi nina saluni tu." Dhana hii imezaliwa na nusu ya ukweli. Kanuni za 2021 zinamsamehe kujisajili kwa Kamishna wa Data, afisa anayesimamia sheria hiyo, mtu ambaye mapato ya biashara yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wake hawafiki 10. Amesamehewa kujisajili, basi. Wajibu wa kulinda taarifa za wateja uko palepale. Tena msamaha huo haumgusi mwenye zahanati, shule, uwakala wa nyumba au biashara ya mikopo. Huyo hujisajili hata kama ofisi yake ni chumba kimoja.

"Picha imepigwa kwangu, ni yangu." Iulize klabu moja ya Nairobi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 katika tangazo hilohilo, kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Pesa hizo zingejenga darasa.

"Namba alinipa mwenyewe." Alikupa umpelekee mzigo. Ukianza kumtumia ofa kila Ijumaa, hilo ni tumizi jingine. Linataka idhini yake, na njia rahisi ya kujitoa akichoka. Wengine nao wamekwenda upande wa pili, wanawataka wateja watie sahihi kwa kila kitu. Haina haja. Bodaboda akihitaji anwani ili afikishe oda, mkataba wa mauzo wenyewe unatosha kuwa msingi wa kisheria.

"Sina kompyuta, sina data." Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana sheria inahusu pia kumbukumbu za karatasi zilizopangwa. Litazame daftari la wageni pale getini: jina, namba ya kitambulisho, simu, namba ya gari. Anayejaza mstari wa mwisho amekwisha kuwasoma wote waliomtangulia, na akitaka anapiga picha ukurasa mzima huku soja anafungua geti. Kwa maoni yangu, daftari hilo ni hatari kuliko tovuti nyingi tunazoziogopa.

Na wapo wanaoamini kuwa taarifa zikivuja, dawa ni kunyamaza. Kompyuta yenye faili za wateja ikiibwa, na ikawa kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu ulipojua, wala hazingoji mteja alalamike.