Chati ya Kepler: Utaridi ukikabana na Mirihi

Johannes Kepler, mwanaastronomia aliyefunua jinsi sayari zinavyozunguka Jua, alizaliwa Weil der Stadt, Ujerumani, tarehe 27 Desemba 1571 kwa kalenda ya zamani, saa nane na nusu mchana. Kwetu wanajimu saa kama hiyo ni mali, maana chati ni picha ya mbingu za saa ile mtu alipozaliwa. Wengi wanaonijia hapa Dodoma wana tarehe tu, na ukidadisi saa, bibi ndiye anayekumbuka kwamba ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Tunaanzia hapo hapo. Kepler aliandika mpaka muda aliokaa tumboni: siku 224, saa 9 na dakika 53.

Jua lake liko kwenye nyota ya Mbuzi. Mwezi uko Mapacha, na Mapacha hao hao ndio waliokuwa wakichomoza mashariki. Mbuzi ni kazi, ubishi na uvumilivu wa kupanda mlima bila kushangiliwa. Mapacha hawatulii, wanataka kujua kila kitu leo. Ukiviweka pamoja unapata mtu anayeuliza maswali kumi kisha anakaa miaka na moja.

Lakini mimi huangalia zaidi Utaridi. Uko nyumba ya saba kati ya nyumba kumi na mbili za chati, umekabana na Mirihi kwa pembe mraba, yaani digrii 90. Hapo nasoma akili kali na ulimi usiongoja ruhusa. Mwenyewe hakujificha. Mwaka 1597 alijichambua kwa maandishi akasema ana tabia ya mbwa: anapenda kutafuna mifupa na maganda makavu ya mkate, anajipendekeza kwa wakubwa, anachukia kuoga. Huku kwetu kumwita mtu mbwa ni ugomvi, naye alijiita mwenyewe! Wateja wachache sana hunipa ukweli wa namna hiyo.

Na kazi iliyomtesa ilikuwa ya Mirihi. Alikuwa na vipimo vya mbingu vya Tycho Brahe, mwanaastronomia wa Denmark, akajaribu kuizungusha sayari hiyo kwenye duara, hesabu ikakosea kwa dakika 8 za digrii. Tazama mwezi mpevu: hiyo ni kama robo ya upana wake. Mwingine angesema inatosha. Yeye alijua Brahe hakosei kiasi hicho, akalitupa duara lililokuwa limeaminiwa tangu Wagiriki, akafika kwenye duaradufu, umbo la duara lililorefushwa kama yai. Aliichapisha 1609. Mimi namwona Mbuzi mtupu hapo.

Sasa, jambo ninalotaka wenzangu wa fani walisikie. Kepler alitengeneza chati za watu, ya jenerali Wallenstein ikiwemo, na aliamini mbingu zinamgusa mwanadamu. Hata hivyo, alipoandika juu ya maisha yake mwaka 1619, alisema nyota zake hazikuwa Utaridi wa nyumba ya saba uliokabana na Mirihi, bali Copernicus, aliyesema Dunia huzunguka Jua, na Tycho Brahe, kwani bila vipimo vya Brahe kila alichokifunua kingebaki gizani.

Nakubaliana naye kabisa. Chati inaonyesha tabia, haimpi mtu mwalimu wala daftari la vipimo. Anayemwambia mzazi kwamba mwanawe ameandikiwa kuwa msomi, akapokea hela na kunyamaza, anamdhulumu.

Akiletwa kwangu mtoto mwenye Utaridi na Mirihi za namna hii, namweleza mama kwamba huyu atabisha na atakasirika upesi, asimpige kwa sababu ya maswali. Kisha namuuliza ni nani anamfundisha hesabu.